Bango la Capogrossi kutoka duka la Mji Mkongwe: chapa ya mawe inayostahili bei yake, kwa masharti

Bango ninalolieleza hapa ni la maonyesho ya mchoraji wa Kitaliano Giuseppe Capogrossi. Lilichapwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya nyumba moja ya sanaa ya mjini Milano, na lilikuwa likiuzwa, hadi nilipolichukua mimi, katika duka la vitu vya kale lililomo kwenye vichochoro vya nyuma ya Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe. Urefu wake ni sentimita 70 na upana ni sentimita 50. Karibu robo tatu ya karatasi, kuanzia juu, imejaa alama za Capogrossi, yaani nusu duara zenye meno, kwa rangi nyeusi, nyekundu ya matofali na manjano iliyokolea. Chini yake limeandikwa jina la mchoraji kwa herufi nene nyeusi, kisha jina la nyumba ya sanaa na tarehe za kufungua na kufunga maonyesho. Nimeridhika nalo, na nitaeleza kwa nini, lakini kuridhika kwangu kuna masharti, na sharti lililo zito kuliko yote halihusu bango lenyewe bali hewa ya Unguja ambamo litakaa.

Si ajabu karatasi ya namna hii kufika kwetu. Wataliano wamekuwa wakija Unguja kwa wingi kwa miaka mingi, hasa pwani ya mashariki upande wa Kiwengwa, na baadhi yao hukaa, hupanga au hujenga, kisha huondoka na kuacha vyombo ambavyo hatimaye huishia katika maduka ya mjini. Muuzaji alinieleza kwamba bango hili lilikuja pamoja na viti, taa na vitabu kutoka katika nyumba iliyokuwa ikihamwa. Alinihakikishia pia, kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi, “Mwanangu, hii ni picha ya asili, imechorwa kwa mkono.” Nikamjibu, “Mzee wangu, hii ni chapa, lakini ni chapa njema,” na kutoka hapo mazungumzo ya bei yakawa mepesi zaidi kuliko nilivyotarajia. Alianza na shilingi laki tano, tukaishia laki tatu na nusu.

Ili kujua kama laki tatu na nusu ni bei ya haki, ni lazima kwanza kujua kitu hiki kimetengenezwaje. Lithografia, yaani uchapaji kwa jiwe, ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, na msingi wake ni kwamba mafuta na maji hayapatani. Mchoraji, au fundi wake, huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi uso wake ukawa sawasawa. Mawe yaliyosifika kuliko mengine yalichimbwa Solnhofen, hukohuko Bavaria. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo ili mchoro ushike na sehemu zilizobaki wazi zipende maji. Jiwe likishalowanishwa, rola yenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake: wino hukamata palipochorwa na kukataliwa palipolowa, karatasi huwekwa juu, hukandamizwa, na chapa hutoka. Kila rangi huhitaji jiwe lake, au bamba lake la zinki, kwa hiyo bango la rangi tatu hupita chini ya mashine mara tatu, na kila mara karatasi lazima ikae palepale ilipokaa mwanzo, la sivyo rangi zitapishana.

Msomaji wa Zanzibar asidhani kwamba hilo ni jambo la Ulaya peke yake. Vitabu vingi vya dini vilivyoingia pwani yetu kutoka Bombay katika karne ya 19 vilichapwa kwa mawe vivyo hivyo, kwa sababu njia hii iliruhusu khati ya mwandishi kuhamishiwa jiweni kama ilivyoandikwa, bila kukatwakatwa katika herufi za risasi. Aliye na kitabu kama hicho katika sanduku la wazee wake anaweza kukifungua, akatazama namna wino mweusi ulivyotulia juu ya karatasi pasipo kuichimba wala kuinuka, na akawa tayari na jicho la kutosha kulikagua bango hili. Mimi binafsi naona tunajidharau bure tunapowaachia wageni elimu ya kutambua chapa, hali mifano imo majumbani mwetu.

Ukaguzi wenyewe niliufanya mlangoni mwa duka, penye mwangaza wa kutosha, kwa lenzi ya sonara. Picha iliyochapwa kwa ofseti ya kawaida, yaani kwa mashine za kuchapa kwa wingi, huundwa kwa vitone vidogo vya rangi nne vilivyopangwa kwa utaratibu usiobadilika, na vitone hivyo huonekana wazi vikikuzwa. Kwenye bango hili hakuna vitone: nyekundu imetandaa yote, nyeusi imetandaa yote, na pale ambapo ukingo wa alama umepitishwa kalamu kavu zinaonekana chembechembe zisizo na mpangilio, kubwa kwa ndogo, ambazo hutokana na chenga za uso wa jiwe au bamba. Mnunuzi asiridhike na kukosekana kwa vitone peke yake, kwa sababu hata ofseti inaweza kuchapa eneo pana la rangi moja bila kitone chochote. Mahali pa kutazama ni ukingoni na penye michirizi ya kalamu, si katikati ya rangi. Niliona pia kwamba upande wa kushoto nyekundu imeipanda nyeusi kidogo, ukanda mwembamba kama wa milimita moja, na hapo pameleta rangi ya tatu ya kahawia nzito. Kwa mwengine hiyo ni kasoro. Kwangu ni ushahidi kwamba rangi zilichapwa kwa zamu, moja baada ya nyengine.

Lililo muhimu zaidi kwa bei ni swali la nani aliyechora jiweni. Katika mabango mengi ya zama zile mchoraji alitoa mchoro wake, na fundi wa karakana ndiye aliyeuhamishia jiweni au kwenye bamba, rangi kwa rangi. Kazi hiyo ni lithografia halali, tena mara nyingi ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini si sawa na chapa ambayo msanii ameichora jiweni kwa mkono wake, akaitia nambari ya toleo na sahihi kwa penseli. Bango langu lina sahihi, lakini sahihi hiyo imechapwa pamoja na picha. Hakuna penseli, hakuna nambari ya toleo, wala hakuna maandishi yanayodai kwamba Capogrossi mwenyewe alishika jiwe. Kwa hiyo nimelilipia kama bango, si kama chapa ya sanaa iliyotiwa sahihi, na ningemshauri yeyote atakayekutana na muuzaji anayeonyesha sahihi ya namna hiyo kwa kidole asiongeze hata shilingi moja kwa ajili yake.

Ama picha yenyewe, inahitaji maneno machache kuhusu aliyeibuni. Capogrossi alizaliwa Roma mwaka 1900, akasoma sheria kabla ya kuingia katika uchoraji, na kwa muda mrefu alichora watu na vitu vinavyotambulika, akawa na jina la heshima kwa kazi hizo. Alipokaribia umri wa miaka hamsini aliviacha vyote. Katika maonyesho yake ya mwaka 1950 katika Galleria del Secolo mjini Roma alionyesha michoro isiyo na mtu wala nyumba wala mti, bali alama moja tu, nusu duara yenye meno, iliyorudiwa kwa ukubwa na mielekeo tofauti. Mwaka uliofuata aliungana na Alberto Burri, Ettore Colla na Mario Ballocco kuanzisha kundi la Origine, na kuanzia hapo hadi alipofariki mwaka 1972 hakuiacha alama ile, huku akizipa kazi zake jina lilelile la “Superficie”, yaani uso au tandiko la juu, likifuatiwa na nambari. Wengine waliiita alama hiyo chanuo, wengine uma, wengine mkono. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kumi mama yake alimpeleka katika nyumba ya vipofu, akawaona watoto wawili wasioona wakijaza karatasi kwa alama ndogo nyeusi, na kwamba tangu siku hiyo alihisi kuwa alama si lazima iwe sura ya kitu ili iwe na maana. Naikumbuka hadithi hiyo kila ninapolitazama bango, ingawa sitaki kuifanya ndiyo tafsiri yake.

Mwaka huohuo wa 1972 alifariki pia mchoraji Edward Said Tingatinga huko Dar es Salaam, ambaye wafuasi wake wamejaza kuta za maduka ya Mji Mkongwe kwa twiga na ndege. Natamka hili kwa sababu bango la Capogrossi nililikuta limeegemezwa juu ya rundo la picha za aina hiyo, na jinsi zilivyokaa pamoja kulinifunza jambo: picha ya Tingatinga humwambia mtazamaji mara moja kilichomo, na jicho hupumzika, bango hili halimwambii kitu, na jicho hulazimika kutembea. Alama kubwa nyeusi imesimama kushoto, meno yake yakielekea ndani. Mbele yake safu ya alama ndogo nyekundu inashuka kwa mshazari, na kila moja imepinda kidogo kuliko iliyotangulia, kwa hiyo safu inaonekana kusogea. Manjano imewekwa mahali pawili tu, na kwa uchache huo ndiyo inayovuta macho kwanza. Sehemu ambazo hazikuchapwa kitu, yaani weupe wa karatasi uliogeuka kidogo kuwa rangi ya maziwa, zinafanya kazi sawa na wino, kwa sababu meno ya alama ni nyeupe iliyokatwa katika nyeusi kama vile ni nyeusi iliyoingia katika nyeupe. Sioni kasoro katika mpangilio huo, isipokuwa kwamba alama moja nyekundu ya chini imesogezwa karibu mno na jina la mchoraji, na hapo pumzi inabana.

Herufi za chini nazo zinastahili kutazamwa. Ni herufi pana zisizo na vikonyo, yaani vijimkia vya kwenye ncha, zimechapwa kwa nyeusi ileile ya alama, na mstari wa jina umewekwa sawasawa na ukingo wa kushoto wa alama kubwa, jambo linaloonyesha kwamba aliyepanga bango aliyapima maandishi pamoja na picha. Nimewahi kuona mabango ya namna hii yaliyokatwa chini ili picha ibaki peke yake na ionekane kuwa mchoro. Ni sawa na kukata jina la kanga ukabaki na mji na pindo: kitambaa kipo, lakini kanga haipo tena. Anayenunua bango anunue pamoja na maandishi yake, na akikuta yamekatwa apunguze bei kwa kiasi kikubwa au aliache.

Hali ya karatasi ni ya wastani. Pembe zote nne zina matundu ya pini, kwa maana kwamba lilibandikwa kweli, na hilo halinisumbui. Pembe ya chini kushoto ina kunjo lililovunja wino mweusi kidogo. Nyuma kuna alama mbili za utepe wa gundi zilizogeuka kahawia, na moja imeanza kupenya hadi mbele, ingawa bado iko nje ya picha. Ukingo wa kulia ni mwembamba kuliko wa kushoto, na umekatwa kwa mkono usiotulia, kwa hiyo bila shaka kuna mtu aliyelipunguza ili liingie katika fremu ya zamani. Madoa madogo ya kahawia, ambayo karatasi hupata ikikaa penye unyevu, yapo machache upande wa juu. Kasoro hizo nilizitaja moja moja kwa muuzaji, naye hakukasirika, na ndizo zilizoshusha bei.

Kuhusu duka nina mema ya kusema na mabaya kidogo. Mzee aliniruhusu kulitoa bango nje, kulitandika juu ya baraza iliyofunikwa kitambaa safi, na kulikagua kwa muda niliotaka bila kunisimamia shingoni, jambo ambalo halipatikani katika kila duka la mtaa ule. Alinipa risiti nilipoomba, ingawa haikuandikwa zaidi ya “bango la karatasi, la zamani”. Lakini karatasi zake zimeviringishwa kwa kubanwa ndani ya bomba la plastiki, nyengine zimefungwa kwa mpira uliokwishayeyuka na kuacha mstari, na bei hubadilika kulingana na sura ya mnunuzi na lugha anayoitumia. Mgeni aliyekuja nyuma yangu alitajiwa kwa dola kiasi ambacho nilikisikia nikanyamaza.

Sasa nije kwenye sharti nililolitaja mwanzoni. Wataalamu wa hifadhi hupendekeza karatasi ikae katika unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50 usiobadilika sana, na taa isiyozidi luksi 50, luksi ikiwa ni kipimo cha mwangaza. Unguja unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika hupanda zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hunyonya maji kutoka ardhini na hutoa chumvi, na picha iliyobanwa moja kwa moja ukutani hupata ukungu kwa nyuma kabla mwenyewe hajagundua lolote mbele. Ongeza mende na wadudu wengine wanaopenda gundi, na jua la asubuhi linaloingia madirishani, basi bango lililovumilia nusu karne Ulaya linaweza kuharibika hapa katika misimu michache.

Fundi wa fremu niliyemwendea Darajani ni seremala mzuri, na fremu ya mninga aliyoitengeneza haina ila, lakini mazoea yake ni kubandika karatasi juu ya hadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao ili isikunjamane. Ilibidi nimzuie. Karatasi iliyobandikwa hivyo haitoki tena, na asidi ya hadibodi huigeuza kahawia. Badala yake niliagiza kutoka Dar es Salaam kadibodi isiyo na asidi, kipande kimoja cha nyuma na kimoja cha mbele kilichokatwa dirisha, ili kioo kisiguse wino. Bango limening'inizwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani kwa upande wa juu tu, vilivyobandikwa kwa uji wa unga wa ngano, ambao unaweza kuondolewa kwa maji siku yoyote. Sehemu iliyobaki iko huru kutanuka na kunywea kadiri hewa inavyobadilika. Nyuma ya fremu, katika kila pembe, fundi aliweka kijiti cha unene wa sentimita mbili ili hewa ipite kati yake na ukuta. Alipoona matokeo alikiri kwamba mawimbi madogo yaliyobaki kwenye karatasi hayachukizi macho, na nadhani ameiongeza njia hiyo katika kazi zake, kwani aliomba abaki na kipande cha kadibodi kilichosalia.

Gharama ya fremu, kadibodi na usafirishaji ilifika laki mbili na themanini, yaani asilimia themanini ya bei ya bango, na anayepanga kununua ajue kwamba bei ya kweli ni jumla ya vyote viwili. Nimelitundika kwenye ukuta wa ndani usiogusana na nje wala na choo, mbali na dirisha, na mwangaza wake ni taa moja ya LED isiyoelekezwa moja kwa moja. Katika masika nalitoa ukutani kila baada ya wiki mbili na kukagua nyuma. Mwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, yenye madirisha yaliyo wazi usiku na mchana na upepo wa kusi unaoleta chumvi hadi vitandani, asinunue bango la asili. Achape nakala kubwa ya picha anayoipenda, aibadilishe ikichakaa, na wageni wake hawatapungukiwa na kitu.

Wakati naondoka, dukani yalikuwa yamebaki mabango mawili mengine kutoka nyumba ileile. Moja ni la maandishi matupu ya rangi mbili, lithografia safi isiyokatwa, na kama si nafasi ya ukuta ningelichukua. Shilingi laki mbili itakuwa bei ya haki. La pili, ambalo muuzaji analisifu zaidi kwa sababu lina rangi nyingi na karatasi inayong'aa, ni ofseti ya baadaye yenye vitone vinavyoonekana hata bila lenzi, na halistahili zaidi ya elfu thelathini.